Dakta Krapf na Vyuo vya Kale vya Ahlul-Kitabi

Dini yetu yatuamrisha uadilifu hata kwa mtu ambaye hatuafikiani naye. Kwa hivyo, katika kueleza maisha ya Dakta Johann Ludwig Krapf, hatutaficha kwamba alikuja pwani yetu kueneza dini ya Kinasara, wala hatutaificha ilimu aliyoihudumia.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1837 alifika Habasha, nchi tuijuayo sote kwa Najashi aliyewapa Masahaba hifadhi. Huko alikuta Manasara wamehifadhi, kwa lugha yao ya kale ya Kigeezi, vyuo vilivyokuwa vimepotea kwengineko. Akakusanya nuskha, nyingine akazinakilisha, akazipeleka Ulaya.

Mojawapo ni Kitabu cha Yubili. Kiliandikwa na Myahudi kwa Kiebrania, zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Chasimulia khabari za tangu kuumbwa ulimwengu hata zama za Nabii Musa, na chahesabu miaka kwa mafungu ya 49. Nuskha iliyotoka kwa Krapf iliwekwa Tübingen, na mwanachuoni August Dillmann akaifasiri kwa Kijerumani katika miaka ya 1850 na 1851.

Tutazame lililodhihiri. Chuo kilichoandikwa na Myahudi kilihifadhiwa na Manasara, na huko Habasha Mayahudi na Manasara walikisoma kwa lugha moja. Si ajabu, kwani wafuasi wa kwanza wa Nabii Isa walikuwa Wana wa Israili, na vyuo walivyovisoma ni vya Wana wa Israili. Dini hizo mbili ni matawi ya shina moja. Kisha, tangu mwaka 1947, katika mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, vikapatikana vipande vya chuo hicho hicho kwa Kiebrania, vyenye umri wa miaka kama 2,000. Ikathibiti kwamba Wahabeshi hawakukizua.

Na liko linalotuhusu sisi. Humo imo khabari ya Nabii Ibrahim kumkataza baba yake ibada ya masanamu, na kuiteketeza nyumba ya masanamu hayo. Khabari hiyo haimo katika chuo cha Mwanzo kisomwacho makanisani. Basi mwenye kudai kwamba Mayahudi wa kale hawakumjua Ibrahim mpinga masanamu, na ajibiwe kwa ilimu, si kwa matusi.

Baada ya kuzuiwa Habasha, Krapf alifika Unguja mwaka 1844, na Sayyid Said akampa barua ya kumpokea kwa wema. Akaja Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe, Rosine, alifariki kwa homa, kisha mtoto wao mchanga. Walizikwa ng'ambo ya bara, upande wa Kisauni, karibu na Nyali. Mwaka huo huo alikaa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa Mombasa, wakikifasiri chuo cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na mwenziwe Rebmann. Mwaka 1850 akatoa kitabu cha nahau ya Kiswahili. Aliondoka mwaka 1853, akafa Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka uliofuata, imejaa maneno ya vinywa vya wazee wetu.

Ndugu zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, waliomfuata Krapf katika dini yake walikuwa wachache mno, lakini alichokiandika kimebaki. Kadhi wetu hakuogopa kukaa naye juu ya chuo kimoja, kwa kuwa aliijua dini yake. Mwenye kuogopa vyuo vya wenziwe ni yule asiyevijua vya kwao. Na ya Kitabu cha Yubili yawe onyo kwetu. Kiliwapotea wengi wa wenyewe, kikaonekana kwa jirani. Krapf alipeleka Ujerumani nuskha za tenzi zetu pia, Chuo cha Herekali kikiwa kimojawapo. Basi mwenye chuo cha babu yake kashani na akitoe leo, akifute vumbi, akinakili na kukisomesha, kabla mchwa hajakimaliza au mgeni hajakitaka.

Wabillahi taufiki.