Carrier: Aliyeanza kupambana na unyevu, akatuachia kiyoyozi

MFANYABIASHARA anayevusha mahindi mpakani anajua jinsi unyevu unavyokula faida. Wachache wanajua kwamba kiyoyozi nacho kilibuniwa kwa sababu ya unyevu ulioharibu mali, wala si kwa ajili ya kumpoza mtu.

Aliyekibuni ni Willis Haviland Carrier, aliyezaliwa Novemba 26, 1876, katika shamba karibu na mji wa Angola, jimbo la New York, Marekani. Akiwa mtoto, hesabu za sehemu zilimshinda. Mama yake alimletea matofaa, akamkatia vipande mpaka akaelewa. Mama huyo alifariki Willis akiwa na miaka 11, lakini mazoea ya kulikata tatizo vipande vipande hayakumtoka.

Mwaka 1901 alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa dola 10 kwa wiki. Mwaka uliofuata alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Sackett-Wilhelms. Kila rangi ilichapwa peke yake, na majira ya joto karatasi zilivuta unyevu na kutanuka. Rangi ya pili haikukaa mahali pake, na kazi ikaharibika.

Carrier, akiwa na miaka 25, alichora mtambo uliopitisha hewa kwenye mabomba yenye baridi. Mvuke uligeuka matone juu ya mabomba, hewa ikatoka ikiwa kavu. Lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima. Mwaka 1906 alipata hataza ya mtambo wa kusafisha na kurekebisha hewa kwa kuipitisha kwenye manyunyu ya maji, na mwaka 1911 akawasilisha kwa wahandisi wenzake kanuni za hesabu za joto na unyevu.

Mwaka 1915, baada ya mwajiri wake kupunguza shughuli hizo kwa sababu ya vita, Carrier na wenzake sita walichanga dola 32,600 wakaanzisha kampuni yao. Mwaka 1925 waliweka mtambo katika ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York, na watu wakaanza kufuata ubaridi. Mwaka 1928 walitoa mtambo wa nyumbani, lakini mdororo wa uchumi ukazima soko. Alifariki Oktoba 7, 1950, kabla viyoyozi havijaenea katika nyumba za Marekani.

Hata leo, mtambo mmoja unaopoza nyumba nzima kupitia njia za hewa darini hufanya kazi aliyoichora: kuvuta hewa, kuipitisha kwenye mabomba baridi, na kutoa maji. Kwa hiyo, ukiacha kupoza, ukague kwa kufuata njia hiyo, kipande kwa kipande.

Anza na chujio. Likiziba vumbi, hewa hupungua na mabomba huganda barafu. Zima upozaji, acha feni pekee izunguke mpaka barafu iyeyuke, kisha safisha au badilisha chujio. Maji yakidondoka ndani, huenda bomba la kutolea maji limeziba. Halafu toka nje: majani na vumbi vikiufunika mtambo wa nje, joto halina pa kwenda. Zima umeme kwanza kabla ya kusafisha.

Gesi iwe ya mwisho, na ni kazi ya fundi. Haitumiki ikaisha kama petroli, bali huzunguka humo humo. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mwenye duka au nyumba ya wageni anayeongezewa gesi kila msimu bila tundu kutafutwa, analipia tatizo lile lile mara mbili.

Wenye kiwanda Brooklyn waliona rangi zimekosea. Carrier alitazama hewa, akakuta hasara ilipoanzia.