Bessie Head alibeba mizigo mingi kwa wakati mmoja

Mwandishi Bessie Head alizaliwa Julai 6, 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mama yake, Mzungu, alikuwa amelazwa hapo; baba alikuwa Mwafrika. Familia ya Kizungu iliyomchukua ilimrudisha ilipobaini kuwa si Mzungu, akalelewa na familia ya machotara.

Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya yatima mjini Durban. Huko ndiko alikoambiwa kwamba mama anayemfahamu si mzazi wake.

Alifanya kazi ya ualimu, kisha uandishi wa habari. Ndoa ilipovunjika, mwaka 1964 alikwenda na mtoto wake mdogo kufundisha Serowe, Botswana ya leo, kwa kibali kisichomruhusu kurudi kwao. Kazi hiyo haikudumu. Akabaki mkimbizi asiye na uraia, anayelea mtoto peke yake bila kipato cha uhakika. Mwaka 1971 alielemewa, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili Lobatse.

Ni rahisi kusema alirithi kwa mama yake. Kurithi kunaweza kuchangia, lakini tazama pia maisha yake. Ubaguzi wa rangi, umaskini, ukimbizi na kulea peke yake havikumjia kwa zamu. Kila kimoja kilizidisha uzito wa kingine: asiye na uraia hupata kazi kwa shida, asiye na kazi hushindwa kulisha mtoto, na aliye mbali na ndugu hana wa kumpokea mtoto hata siku moja apumzike. Sonona nayo huwapata zaidi watu waliobanwa kila upande namna hii. Si uvivu, wala si udhaifu wa imani.

Bessie alirudi Serowe, kwenye bustani ya ushirika na kalamu yake. Mwaka 1973 kilitoka kitabu chake *A Question of Power*, kinachotokana na ugonjwa huo. Uraia aliupata mwaka 1979. Alifariki dunia mwaka 1986, akiwa na miaka 48, kwa homa ya ini.

Ukiona wewe au mwanao ana huzuni, hana hamu ya mambo aliyoyapenda, au usingizi na hamu ya kula vimebadilika kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Mweleze mhudumu pia kuhusu kodi ya nyumba, ndoa na kazi. Hayo nayo ni sehemu ya historia ya ugonjwa.