James Joule na Nguvu Isiyopotea

Mtu akiinua jiwe akaliweka juu ya ukuta, nguvu aliyoitumia huwa imewekwa akiba kwa kule kuinuliwa. Jiwe likianguka, akiba ile hugeuka kuwa nguvu ya mwendo. Basi likisha kufika chini likatulia, nguvu ile imekwenda wapi? Suala hili ndilo lililomshughulisha James Prescott Joule, nasi tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake.

Alizaliwa Salford, karibu na Manchester, Uingereza, tarehe 24 Disemba 1818. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe. Biashara hiyo hatuisifu. Twaitaja kwa kuwa ndiyo iliyompa mwanawe fedha za kununulia vyombo vya kupimia. Kwa udhaifu wa mwili alisomeshwa nyumbani, na tangu mwaka 1834 mwalimu wake alikuwa John Dalton, mwanachuoni mashuhuri wa elimu ya atomu. Chuo kikuu hakukiingia.

Zama hizo wengi wa wataalamu walidhani kwamba joto ni kitu chepesi mfano wa maji, kipitacho kutoka mwili huu hadi mwili huu. Joule akaona sivyo, bali joto ni nguvu ile ile kwa sura nyingine. Aliitakidi kwamba nguvu ambazo Muumba amezitia katika vitu haziwezi kuangamia. Wala hakutosheka na itikadi pasina hesabu.

Alitengeneza chombo cha maji, ndani yake makafi yanayozunguka, na nje vizito vilivyofungwa kamba. Vizito viliposhuka viliyazungusha makafi, nayo maji yakapata joto. Kisha akavipandisha tena, na tena, mara ishirini, na baada ya taabu yote hiyo maji yaliongezeka joto kwa kiasi cha nusu digrii tu ya Fahrenheit! Naye alikuwa na vipimajoto vya kusoma sehemu ndogo mno ya digrii. Mwaka 1850 alitangaza kwamba ratili moja ikishuka futi 772 hutoa joto la kutosha kuzidisha ratili moja ya maji digrii moja.

Haikuwa rahisi kusikilizwa. Alipotoa habari zake mara ya kwanza katika mkutano wa wataalamu mjini Cork, mwaka 1843, alipokewa kwa kimya. Mjini Oxford, mwaka 1847, mwenyekiti alimtaka afupishe maneno. Aliyetambua uzito wa jambo lile ni kijana William Thomson, naye pia alikuwa na shaka mwanzoni. Mwaka ule ule Joule alioa, na Thomson alisimulia kwamba aliwakuta maharusi katika milima ya Alps, bwana harusi ana kipimajoto mkononi, akitafuta maporomoko ya maji! Alikwisha kukisia kwamba maji ya Niagara, kwa kuanguka futi 160, huongezeka joto sehemu moja ya tano ya digrii.

Mkewe, Amelia, alifariki mwaka 1854, akamwachia watoto wawili. Mali nayo ilipungua, hata mwaka 1878 serikali ikampa posho ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka huo huo alikuwa amerudia kipimo chake. Alifariki Sale tarehe 11 Oktoba 1889. Leo kipimo cha nguvu, jouli, kinaitwa kwa jina lake, na juu ya kaburi lake imechongwa hesabu aliyoipata mara ya mwisho: 772.55.