Karani Aliyeusoma Ufa: Maisha ya Profesa J. W. Gregory

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za mtaalamu atakayewafaa vijana walio madarasani sasa, na kutukumbusha sisi wa zamani somo letu la jiografia. Nimemchagua John Walter Gregory. Kila mwanafunzi wa Arusha amechora Bonde la Ufa katika daftari lake, lakini wachache wanamjua mtu aliyeliingiza jina hilo katika sayansi. Tawi la mashariki la bonde hilo, lipitalo Baringo, Naivasha, Magadi na Natron hadi Manyara, wataalamu huliita Ufa wa Gregory.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Alipotimiza miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyo hiyo. Mchana alifanya kazi ya ukarani. Jioni alihudhuria masomo ya watu wazima katika taasisi ya Birkbeck. Mwaka 1887 aliajiriwa katika idara ya jiolojia ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Aliendelea kusoma huku akifanya kazi, akapata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1891 na udaktari wa sayansi mwaka 1893. Nawaomba vijana waitazame miaka hiyo kwa makini, kwa maana wako wenzetu wengi ambao safari yao ya elimu ilikatika mapema wakadhani imekwisha.

Wakati huo lilikuwapo swali kubwa. Mwaka 1891 Eduard Suess wa Vienna aliandika kwamba mabonde yaliyojipanga kutoka Afrika Mashariki hadi Bahari ya Shamu na Yordani ni nyufa za ganda la dunia. Suess mwenyewe hakufika huku. Alitegemea taarifa za Teleki na von Höhnel, wasafiri waliofika Mlima Meru mwaka 1887. Ilibidi mtu aende akaiangalie miamba yenyewe.

Gregory alikuja na msafara mkubwa wa wenzake, nao ukavunjika kabla ya kufika mbali. Hakurudi kwao. Mwezi Machi 1893 aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akatembea kwa miezi mitano hadi Baringo na barafu za Mlima Kenya. Bila migongo na miguu ya watu hao, elimu hiyo isingepatikana.

Alithibitisha kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka kwa nyufa zinazokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikadidimia. Miamba ya kuta imeshuka ngazi kwa ngazi kuelekea chini. Karibu na Baringo, katika vilima vya Kamasia, alikuta mashapo ya ziwa la kale yakiwa yameinuliwa juu. Akafahamu kwamba bonde la ufa ni bakuli: hushuka, hupokea udongo na maji, hujaa, kisha huweza kuinuliwa tena. Kitabu chake juu ya bonde hilo kilitoka mwaka 1896.

Elimu ya mabakuli hayo ndiyo wanayoitumia leo watafutao mafuta. Mabaki ya viumbe vidogo yakifunikwa na matope ya ziwa, yakazama na kupata joto kwa muda mrefu sana, huweza kugeuka mafuta. Mwaka 2012 kisima cha Ngamia-1 kilipata mafuta Turkana, katika tawi hili la mashariki. Kwetu, Shirika la Maendeleo ya Petroli limefanya utafiti katika bonde la Eyasi na Wembere.

Safari zake mbili kuu za huku zilikuwa upande wa Kenya, lakini maelezo yake yanatuhusu. Ukitoka Mto wa Mbu kupanda kuelekea Karatu, unaupanda ukuta wa magharibi wa ufa. Upande wetu wa mashariki ukuta hauonekani wazi hivyo. Huku imesimama milima ya volkano, na Meru ni mmojawapo, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba hiyo hiyo ya volkano ndiyo iliyotia madini ya floridi katika maji ya sehemu kama Maji ya Chai, yakawapa watu wengi meno ya rangi ya kahawia. Kwa hiyo jiolojia si somo la mtihani tu. Imo katika ndoo ya maji ya kila siku.

Mwaka 1900 Gregory alikwenda kuwa profesa Melbourne, na mwaka 1904 Glasgow, alikofundisha hadi 1929. Mwaka 1919 alirudi Kenya. Huko Olorgesailie aliona zana za mawe za watu wa kale, na mwaka 1921 akatoa kitabu cha pili juu ya mabonde ya ufa.

Hata hivyo, si kila alilosema lilikuwa sahihi. Alishikilia kwamba sehemu kubwa ya maji ya visima virefu vya Australia hutoka ndani sana ya dunia. Ikadhihirika baadaye kwamba ni maji ya mvua. Aliipinga pia nadharia ya Wegener ya mabara kusogea, ingawa ufa alioupima sasa hufundishwa kuwa mahali ambapo Afrika inaachana polepole. Zito zaidi, mwaka 1925 alitoa kitabu cha kutetea kutenganishwa kwa watu kwa rangi zao. Mtu aliyebebewa mizigo na Waafrika, akaisoma ardhi yao kwa uangalifu mkubwa, hakuwaona wenye ardhi kuwa sawa naye. Sioni sababu ya kulificha jambo hilo, wala ya kukataa alichokipima sawasawa.

Alifariki tarehe 2 Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mashua yake ilipopinduka katika mto Urubamba nchini Peru. Alikuwa bado kazini.

Vijana wetu, jina la Gregory litabaki kwenye ramani. Lakini ukuta wa Manyara, mashapo ya Natron na maji ya Meru bado yana maswali mengi, na ninyi hamhitaji msafara kutoka Mombasa ili kuyafikia. Chukueni daftari mwende.