Jembe la Mgeni wa Rabai

Kila Jumapili alasiri, baada ya ibada, hupenda kuteremka hadi ufukweni hapa Tudor ninakoishi nikaitazame hori inayokizunguka kisiwa cha Mombasa kwa upande wa kaskazini. Wengi wetu twaiona kuwa mahali pa kuvua samaki na kupunga upepo tu. Lakini ukiifuata kwa chombo, ukaipita mikoko na kuelekea bara, itakufikisha chini ya vilima vya Rabai. Ndiyo njia waliyoizoea wamishenari wa kwanza katika karne ya 19. Nami niitazamapo humkumbuka mmoja wao, Johannes Rebmann.

Wanafunzi wetu humjua Rebmann kwa sentensi moja: ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inatuficha mtu mwenyewe. Ile theluji aliiona kwa mara ya kwanza asubuhi moja. Maisha yake yaliyosalia, ambayo ndiyo yenye mafunzo kwetu sisi walimu, hayamo katika sentensi hiyo.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, akasomea kazi ya umishenari Basel na kisha London. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akamkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe ng'ambo ya kisiwa. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walihamia Rabai, kila mmoja akitetemeka kwa homa, wakipokezana punda mmoja njiani. Hivyo ndivyo kazi yao ya bara ilivyoanza, kwa unyonge.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kuelekea Uchagani, Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha mlima. Kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, hakuwa na jina la kuuita weupe ule, akautaja tu kuwa ni baridi. Kwangu mimi mwanaisimu, neno hilo lina thamani kubwa. Rebmann hakumcheka kiongozi wake. Alilisikiliza neno, akalipima, akatambua kwamba mtu yule alikuwa akieleza kwa uaminifu jambo ambalo lugha yake haikuwa na haja ya kulipa jina. Habari hizo zilipochapwa mwaka 1849, bingwa mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alizikejeli kwa miaka mingi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga nchi hii. Rebmann hakufunga safari ya kwenda kujitetea. Alibaki Rabai.

Hapo ndipo ninapotaka tutue. Krapf, mwenye maono makubwa ya mlolongo wa vituo vya misheni kuvuka bara zima, aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na baadaye akarudi kwa muda mfupi tu. Rebmann naye alikuwa na ndoto za safari. Mwaka 1849 alikusudia kufika Unyamwezi, lakini Mamkinga, mtawala wa Machame, alimmalizia mali yake yote, akarejea pwani mgonjwa na mikono mitupu. Mapema mwaka 1857 Burton na Speke, wakijiandaa kuyatafuta maziwa makuu, walimtembelea wakitumaini kwamba angefuatana nao. Ramani iliyowatia hamu ya kuja ilikuwa kazi ya mwenzake Erhardt pamoja naye. Hakwenda nao. Wao walipata sifa ya maziwa, yeye akarudi kwenye orodha zake za maneno.

Wahenga wetu wametuusia kwamba mgeni akifika siku ya tatu apewe jembe. Rebmann alilishika jembe hilo takriban miaka 29, asirudi Ulaya hata mara moja. Uvamizi wa Wamaasai ulipomkimbiza mwaka 1857, aliishi Unguja kwa muda, kisha akarejea papo hapo Rabai. Mwanawe alifariki akiwa mchanga. Mkewe, Emma, ambaye alimwoa Misri mwaka 1851, alifariki mwaka 1866. Naye aliendelea kuketi na majirani akiuliza jina la hiki na maana ya kile. Kwa kumsikiliza Salimini, mtumwa aliyetoka nchi ya Ziwa Nyasa, aliandika kamusi nzima ya Kinyanja, iliyochapwa mwaka 1877. Hebu fikiri: katika zama ambazo binadamu alikuwa akiuzwa sokoni, mtu mmoja anamketisha mtumwa kama mwalimu, naye mwenyewe anakaa kama mwanafunzi.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alizihukumu mila za wenyeji kwa ukali ambao leo hatuwezi kuukubali, na miaka ya mwisho alikuwa mtu wa kujitenga. Waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wachache mno, hata wakubwa wake wakaona kazi imezorota. Kwa mizani ya hesabu, alishindwa. Lakini je, imani hupimwa kwa hesabu peke yake?

Swali hilo lilinigusa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea daftari la maneno ya Kirabai aliyoyakusanya kwa nyanya yake. Nilimsifu, nikaliweka daftari chini ya rundo la karatasi, nikaendelea na makongamano, ambako nilikuwa nikihutubia juu ya wajibu wa kuzihifadhi lugha zetu. Muhula mzima ulipita. Siku nilipolifungua nilikuta hazina, pamoja na maneno kadhaa ambayo maana zake zilihitaji kuulizwa tena. Nikamwita yule kijana. Akaniambia kwa upole kwamba nyanya yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kila Jumapili ya muhula ule nilikuwa kanisani, na sikukosa hata moja. Nilichokosa ni wajibu wa Jumatatu. Mkristo aliye mwalimu hana madhabahu ya pili zaidi ya meza yake ya kazi: insha iliyosahihishwa kwa wakati, somo lililoandaliwa usiku ijapokuwa mwili umechoka, sikio lililo wazi kwa mnyonge ambaye hatakupandisha cheo. Mambo hayo hayaandikwi magazetini, wala hayashangiliwi. Ndiyo maana huwa mazito kuyatenda.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka Rabai akiwa karibu kipofu. Aliyemshika mkono katika safari ya Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wale waumini wachache wa mwanzo. Mtu aliyefika kuwaonyesha wengine njia aliondoka akionyeshwa njia na kijana wa Rabai. Alifariki huko Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, mwaka ambao tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapwa.

Wenzangu walimu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kutushika mkono kesho, si kila mmoja wetu atauona mlima wenye theluji. Jembe, hata hivyo, sote tumepewa. Lile daftari sasa liko juu ya meza yangu, nami na yule kijana tumeanza kwenda Rabai kuwauliza wazee waliosalia.