Julio González: Mhunzi stadi aliyekubali kuwa mwanafunzi tena

JULIO González alikuwa ametimiza zaidi ya miaka 40 alipoingia kiwandani kujifunza kuchomelea vyuma. Hakuwa mgeni katika kazi za mikono. Alikuwa ameshika nyundo tangu utotoni.

Alizaliwa jijini Barcelona, Uhispania, mnamo Septemba 21, 1876, katika ukoo wa masonara na wahunzi. Babake, Concordio, alimfunza yeye na kakake mkubwa, Joan, kufua chuma, shaba na fedha. Mnamo 1893 kazi zao zilionyeshwa katika maonyesho makuu ya kimataifa huko Chicago, Marekani.

Concordio alifariki mnamo 1896, na miaka michache baadaye familia ikauza karakana na kuhamia Paris. Huko González alitamani kuwa mchoraji, lakini mapambo ya chuma na vito ndivyo vilivyomlisha. Kifo cha Joan mnamo 1908 kilimvunja moyo kabisa.

Ndipo mwaka wa 1918, alipofanya kazi katika kiwanda cha magari cha Renault, Boulogne-Billancourt, akajifunza kuchomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini. Mhunzi wa kale aliunganisha vipande kwa kuvipasha moto tanurini na kuvigonga, au kuvitoboa na kuvipiga ribiti. Mwali wa gesi hizo mbili, wenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000, huyeyusha kingo za vipande vyote viwili vikawa kitu kimoja. Bati jembamba laweza kushikana na ufito mahali padogo mno, pasipo nyundo kugusa. Kwa mtu aliyelelewa na fuawe, hilo lilikuwa sawa na kuanza alifu upya.

Ajabu ni kwamba ujuzi huo ulikaa takriban miaka kumi kabla ya kuzaa sanamu za maana. Mnamo 1928 Pablo Picasso, waliyefahamiana tangu ujana wao Barcelona, alitaka kubuni mnara wa kumkumbuka mshairi Guillaume Apollinaire, naye hakujua kuchomelea. Alimwendea González. Kamati husika ilizikataa rasimu za Picasso, lakini wawili hao waliendelea kushirikiana hadi 1932. Husemwa mara nyingi kwamba Picasso ndiye aliyemwamsha rafikiye. Huenda, ila bila mkono wa González sanamu hizo za chuma zisingesimama.

Tangu hapo González aliacha kujiona fundi wa mapambo tu. Alitengeneza sanamu kwa fito na mabati, akiziachia nafasi tupu zionekane kama sehemu ya umbo. Mnamo 1937, Uhispania ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, sanamu yake ya La Montserrat, mwanamke wa shamba aliyebeba mtoto na kushika mundu, ilionyeshwa katika banda la nchi hiyo mjini Paris.

Nchini Marekani, David Smith, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Studebaker, alifuata njia hiyo hiyo, na mnamo 1956 akaandika makala ya kumsifu.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa mnamo 1940, gesi ya kuchomelea iliadimika. González alirudia kuchora na kufinyanga plasta. Alifariki mjini Arcueil mnamo Machi 27, 1942. Picasso alikuwa miongoni mwa waliomzika.