Fadhila ya Rhodes ilitoka wapi?

Kila mwaka wanafunzi hubisha hodi ofisini mwangu wakitaka niwaandikie barua za mapendekezo ili waombe ufadhili wa masomo. Mmoja wao, aliyekuwa akiomba ufadhili wa Rhodes ili akasomee Chuo Kikuu cha Oxford, aliniuliza iwapo ni haki kuila mali ya mtu huyo. Nilikosa jibu. Nami niliipata shahada yangu ya uzamifu kwa fedha za mfadhili ambaye jina lake nililiandika katika ukurasa wa shukrani bila ya kuuliza fedha zenyewe zilichumwa wapi.

Cecil John Rhodes alizaliwa Uingereza mwaka 1853, mwana wa kasisi. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, alipelekwa Natal mwaka 1870 kwa kaka yake aliyekuwa mkulima wa pamba. Mwaka uliofuata alifika Kimberley, kwenye machimbo ya almasi. Tangu 1873 akawa anakwenda Oxford na kurudi machimboni, hadi akahitimu mwaka 1881. Yaani hata yeye alisomeshwa na almasi.

Mwaka 1888 aliunda kampuni ya De Beers, iliyohodhi sehemu kubwa mno ya almasi ya dunia. Waliochimba ni vibarua Waafrika, waliofungiwa kambini hadi mikataba yao ilipokwisha na kupekuliwa miili wasije wakaiba jiwe. Mwaka uo huo wajumbe wake walimwekea Mfalme Lobengula mkataba wa madini, kwa ahadi ya bunduki 1,000 na pauni 100 kila mwezi. Miaka mitano baadaye, kampuni ya Rhodes iliivamia nchi ya mfalme huyo kwa bunduki za rashasha. Nchi ikaitwa Rhodesia.

Akiwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape tangu 1890, aliunga mkono sheria ya 1892 iliyopandisha kiwango cha mali alichotakiwa kuwa nacho mpiga kura kutoka pauni 25 hadi 75. Waafrika wengi wakakosa kura. Sheria ya Glen Grey ya 1894 nayo ikawatoza kodi wanaume Waafrika wasiotoka kwenda kufanya kazi ya ujira. Alijiuzulu mwaka 1896, baada ya rafiki yake Jameson kushindwa kuipindua serikali ya Makaburu wa Transvaal.

Rhodes alifariki mwaka 1902 akiwa na umri wa miaka 48, bila mke wala mtoto. Wosia wake ulianzisha ufadhili uliobeba jina lake, kwa vijana wa makoloni ya Uingereza, Marekani na Ujerumani. Nafasi nne za Koloni la Cape alizipa shule nne za wavulana, na kwa miongo mingi shule hizo ziliwafungia Waafrika milango. Wanawake wa nchi zote walingoja hadi miaka ya 1970.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ufadhili huo umewasomesha wengi, Wakenya wakiwemo. Hata Mandela alikubali jina lake liambatanishwe na la Rhodes katika wakfu wa kuwasomesha vijana wa Afrika. Lakini mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walishinikiza hadi sanamu yake ikang'olewa.

Neno fadhila tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake hubeba pia maana ya ziada, kile kinachobaki baada ya haja kutimizwa. Ziada ya Rhodes ilikuwa pengo katika nyumba za wengine. Wafadhili husahau hilo, nasi tuliofadhiliwa huogopa kulitaja tusije tukaambiwa kuwa fadhila ya punda ni mateke.

Mwanafunzi yule nilimwandikia barua. Sikuona sababu ya mjukuu wa waliotoa jasho kukatazwa matunda yake. Nilimwomba jambo moja tu: siku atakapoandika ukurasa wake wa shukrani, asiwasahau wachimbaji wa Kimberley.